Jua Likilipuka, Nani Hutuletea Habari?

Mpenzi msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tuinue macho juu, ingawa nitaanzia chini kabisa, katika vichochoro vya Kariakoo.

Uko ujumbe ambao huzunguka katika simu za watu kila baada ya muda fulani. Hauna mwenyewe. Unasema kwamba usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, miale mikali kutoka angani itapita karibu na dunia, na kwamba kila mtu azime simu yake na kuiweka mbali na mwili asije akadhurika. Mara hutajwa shirika la anga la Marekani, mara kituo kikubwa cha utangazaji cha ng'ambo. Anayeupokea huwatumia ndugu zake, nao huwatumia majirani zao. Nilipokuwa nikipita Mtaa wa Kongo, mama mmoja muuza vitenge alinisimamisha akaniuliza: "Kaka mtangazaji, hili jambo la miale ya jua ni la kweli? Mimi simu ndiyo duka langu. Wateja wa mikoani hunitumia pesa usiku ili mzigo uondoke na basi la alfajiri. Nikizima, hasara atanilipa nani?"

Swali lake ni la haki, na nimeona heri nilijibu hewani kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Jibu fupi ni kwamba jua kweli lina dhoruba, na dhoruba hizo kweli hufika duniani. Lakini ujumbe ule ni wa uongo, na uongo wake waonekana hata kabla ya kumwuliza mtaalamu. Miale inayotoka katika mlipuko wa jua husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga mwingine wowote. Saa saba za usiku jua liko upande wa pili wa dunia, na baina yetu na jua hilo kuna mwamba na udongo wenye unene wa kilomita zaidi ya 12,000. Miale hiyo itatupataje kitandani? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na njia ya huyu imeishia kwenye saa aliyoichagua mwenyewe.

Hata hivyo, jibu hilo linazaa swali jingine kubwa zaidi. Wale wanaosema jua limelipuka, wao wamejuaje? Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, na hakuna binadamu aliyekwenda huko akarudi kusimulia. Basi habari hizo hutufikia kwa njia gani? Hutufikia ndani ya mwanga wenyewe, na iko elimu ya kuusoma mwanga huo. Wataalamu huiita spektroskopia. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe tunaishi nalo majumbani mwetu.

Mathalani, chukua sidii chakavu, zile ambazo zamani ziliuzwa kwa mafungu pale Kariakoo zikiwa na nyimbo na filamu. Subiri usiku, kisha iinamishe chini ya balbu ya zamani yenye waya unaowaka. Utaona rangi zimefuatana bila kukatika: nyekundu, rangi ya chungwa, njano, kijani, buluu, hadi zambarau. Sasa ipeleke chini ya taa ya mrija. Rangi zitaonekana zimeachana, vipande vipande, na baina yake pana giza. Kwa macho matupu taa zote mbili ni nyeupe, lakini ile sidii imezitofautisha. Sababu ni kwamba uso wake una mistari midogo mno, kama 600 katika kila milimita moja, na mistari hiyo huuchambua mwanga na kuipeleka kila rangi upande wake.

Mama lishe anayepikia jiko la gesi naye analijua jambo la pili. Sufuria ya maharage yenye chumvi ikifoka, moto wa buluu hugeuka kuwa wa njano papo hapo. Njano hiyo ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Zile taa za rangi ya chungwa ambazo kwa miaka mingi zilimulika barabara zetu, kabla ya taa nyeupe za kisasa kuanza kuchukua nafasi yake, zilikuwa na mvuke wa sodiamu hiyo hiyo. Kila kitu kikipashwa moto hadi kikawa gesi inayong'aa hutoa rangi zake maalumu, na hakuna vitu viwili ambavyo rangi zake zote hulingana. Ni sawa na alama za vidole kwa binadamu.

Waliolithibitisha jambo hilo ni Wajerumani wawili wa Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, mnamo mwaka 1859 na 1860. Kabla yao, mwaka 1814, Mjerumani mwenzao Joseph Fraunhofer alikuwa ameuchambua mwanga wa jua na kukuta ndani yake mistari myeusi zaidi ya 500, kana kwamba rangi kadhaa zimeibwa. Kirchhoff ndiye aliyeeleza ni nani aliyeziiba. Gesi yenye joto la chini ikikaa mbele ya mwanga mkali humeza rangi zile zile ambazo ingezitoa kama ingekuwa inawaka peke yake. Kwa hiyo mistari mingi myeusi katika mwanga wa jua ni majina ya vitu vilivyomo huko. Hapa sodiamu, hapa chuma, hapa hidrojeni. Naomba tuyakumbuke maneno haya mawili, kutoa na kumeza, maana tutayahitaji baadaye.

Mwaka 1868 elimu hiyo changa ilipewa mtihani mkubwa. Tarehe 18 Agosti jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilipita Aden, bandari ambayo mababu zetu wa pwani waliizoea kwa safari za majahazi, kisha kikavuka bahari hadi India. Mfaransa Pierre Janssen alikuwa akikisubiri pale Guntur. Jua lilipofunikwa lote, pembeni mwake zilichomoza ndimi nyekundu, na Janssen akazielekezea spektroskopu yake. Aliona mistari inayong'aa, maana yake ndimi zile ni gesi, na gesi yenyewe hasa ni hidrojeni. Mistari iling'aa sana hata kesho yake akaweza kuiona bila ya jua kupatwa.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mwingereza Norman Lockyer naye alizisoma ndimi hizo akiwa kwao. Katika mwanga wake kulikuwa na mstari wa njano uliokaa karibu sana na ule wa chumvi, lakini haukuwa ule. Haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Lockyer alishikilia kwamba ni kitu kipya, na kikapewa jina la heliamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Ilichukua miaka 27, hadi 1895, ndipo William Ramsay wa London akaipata gesi hiyo ndani ya jiwe hapa hapa duniani.

Mpenzi msikilizaji, kisa hicho kina mkia wake hapa kwetu. Mwezi Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi yetu, iko akiba kubwa ya heliamu. Mapema mwaka 2024 kampuni hiyo ilieleza kwamba gesi hiyo imetoka hadi juu katika kisima chake cha Itumbula. Ni gesi inayotafutwa sana, kwani ndiyo inayopoza mashine kubwa za sumaku za kupimia wagonjwa hospitalini. Basi kitu ambacho kimepatikana Rukwa kilisomwa kwanza katika ndimi za jua, kabla mtu yeyote hajakishika mkononi.

Sasa turudi kwenye ndimi zenyewe, kwa sababu ndizo zinazohusika na dhoruba.

Ulimi wa jua ukiutazama pembeni, huku nyuma yake pakiwa na giza la anga, unang'aa. Lakini jua huzunguka, na baada ya siku kadhaa ulimi ule ule hufika katikati ya uso wa jua. Ukitazamwa hapo kwa ule mwanga mwekundu wa hidrojeni, huonekana kama uzi mweusi uliolazwa juu ya jua. Hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali ulipo. Pembeni tunaona mwanga unaoutoa. Katikati tunaona kwamba unaumeza mwanga unaotoka chini yake na kuutawanya pande zote, hivyo kidogo tu ndicho kinachotufikia sisi. Nyuzi hizo si ndogo. Uzi mmoja waweza kuwa na urefu wa kilomita laki moja na zaidi, ilhali dunia yetu upana wake haufiki kilomita 13,000.

Na nini kinachoushikilia uzi huo usianguke? Ni nguvu za sumaku. Jua lina sumaku nyingi zilizojipinda na kusokotana, na gesi ya uzi huning'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa kwenye kamba baina ya ghorofa mbili za Kariakoo. Gesi hiyo ina joto la digrii kama 10,000, huku gesi nyepesi inayouzunguka uzi ikiwa na digrii milioni moja na zaidi. Kamba za sumaku zikiendelea kusokotwa kwa siku nyingi, hufika mahali zikakatika na kuungana upya kwa namna nyingine. Hapo nguvu iliyokuwa imehifadhiwa huachiliwa kwa dakika chache. Sehemu moja ya nguvu hiyo huwa ni mlipuko wa mwanga wenye joto la digrii milioni 10 na zaidi. Sehemu nyingine huufyatua uzi na kuurusha angani pamoja na wingu la gesi lenye uzito wa kiasi cha tani bilioni moja.

Kwa hiyo dhoruba moja yaweza kutuma wajumbe wawili. Wa kwanza ni mwanga, ambao hutufikia baada ya dakika nane na ushei. Wa pili ni lile wingu, ambalo likienda kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, kasi ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa sekunde moja na kidogo, huchukua kama saa 42. Baina ya mjumbe wa kwanza na wa pili ndipo ilipo nafasi ya kujiandaa, mradi awepo wa kumsoma yule wa kwanza.

Wataalamu husoma nini hasa? Husoma mambo matatu.

La kwanza ni joto. Katika mwanga wa taji la jua, ule mng'aro mweupe unaoonekana likipatwa lote, kulikuwa na mstari wa kijani uliowasumbua wanasayansi kwa miaka 70. Mnamo miaka ya 1939 hadi 1943 Mjerumani Walter Grotrian na Msweden Bengt Edlén walionyesha kwamba mstari huo ni wa chuma, chuma cha kawaida kama cha bati na misumari, ila kimepokonywa elektroni 13. Kukipokonya chuma elektroni zote hizo kunahitaji joto la zaidi ya digrii milioni moja. Hivyo mstari ukawa kipimajoto. Mlipuko unapotokea, hutokea mistari ya chuma kilichopokonywa elektroni nyingi zaidi, na kwa mistari hiyo hujulikana joto limepanda hadi wapi.

La pili ni sumaku. Mholanzi Pieter Zeeman aligundua mwaka 1896 kwamba sumaku yenye nguvu hubadili mistari ya mwanga, na mstari mmoja waweza kugawanyika. Mwaka 1908 Mmarekani George Hale aliona mistari imegawanyika hivyo katika madoa meusi ya jua, na ndivyo ilivyojulikana kwamba madoa yale ni makao ya sumaku. Kila siku madoa hayo husomwa ili ijulikane ni lipi lililosokotana kiasi cha kutisha.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ni mwendo. Ukisimama karibu na kituo cha Faya, pale Barabara ya Morogoro, gari la zimamoto likatoka na king'ora chake, sikiliza vizuri. Likikujia sauti huwa nyembamba. Likikupita tu, sauti huwa nene. King'ora ni kile kile, ila mawimbi yake husongamana yanapokujia na hutanuka yanapokwenda. Mwanga nao hufanya hivyo hivyo. Gesi ikitujia, mistari yake husogea upande wa buluu. Ikitukimbia, husogea upande wa nyekundu. Uzi unaotujia kwa kilomita 300 kwa sekunde husogeza mstari wake kwa sehemu moja katika elfu. Ni kidogo, lakini chombo kizuri hukipima.

Jambo hilo lina uzito wake. Picha pekee hutuonyesha kitu kinachokwenda kushoto, kulia, juu au chini. Kitu kinachotujia usoni moja kwa moja ni vigumu kukipima kasi kwa picha. Tena yatokea uzi ukatoweka ghafla katika picha ya mwanga mwekundu, na mtazamaji asijue kama umepashwa moto tu ukafifia, au umefyatuka kwa kasi hata mwanga wake ukasogea nje ya rangi ile aliyokuwa akiitazama. Tena ziko nyuzi zinazoinuka kwa kishindo kisha zikaanguka zilikotoka. Kuyatenganisha mambo hayo kunahitaji kuisoma mistari. Ndiyo tofauti ya kusema "jua limelipuka" na kusema "jua limelipuka na wingu lake linakuja huku".

Kanda yetu haikuwa mbali na kazi hiyo. Tarehe 30 Juni 1973 jua lilipopatwa, wanasayansi wa kigeni walipiga kambi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana huko Kenya, kwa ajili ya kulichunguza taji la jua. Hapa kwetu tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kuona jua limebaki pete. Siku ile ndimi na taji havikuonekana, kwa kuwa hata pete nyembamba ya jua ina mwanga wa kuvifunika.

Aidha, kuna mwanga usiofika chini kabisa. Eksirei zinazotoka katika milipuko humezwa na hewa, hivyo hapana budi zisomwe kutoka juu. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuzisoma eksirei za anga ya mbali, zile za nyota, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Wakenya walikuwa wakiadhimisha uhuru wao, Wamarekani waliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Tangu hapo zimefuata nyingi. Kwa upande wa jua lenyewe, Hinode ya Wajapani ilirushwa 2006, IRIS ya Marekani 2013, na India, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari hii hii, ilirusha Aditya-L1 mwezi Septemba 2023. Zote tatu zilibeba vyombo vya kuchambua mwanga.

Sasa, je, mwananchi wa Dar es Salaam inamhusu nini?

Nilipokuwa kijana naanza kazi hii ya redio, palikuwa na fundi mmoja, mzee wa watu, mwenye kibanda cha kutengenezea redio Mtaa wa Aggrey. Aliwahi kuniambia: "Mwanangu, ukiona masafa mafupi yamekufa yote kwa pamoja mchana kweupe, usikimbilie kufungua chombo. Chombo ni kizima, hewa ndiyo mbaya. Kanywe kahawa, kisha urudi." Mzee yule alikuwa anasema kweli tupu. Mawimbi ya masafa mafupi hufika mbali kwa sababu hudunda kwenye tabaka la juu la hewa lenye umeme. Mlipuko wa jua ukitokea, eksirei zake huligonga tabaka lililo chini ya hilo, nalo huanza kuyameza mawimbi badala ya kuyapitisha. Kimya hicho hushika upande wa dunia wenye mchana tu, na huweza kudumu dakika chache au hata saa moja na zaidi.

Milipuko hupimwa kwa herufi, na mikubwa kabisa hupewa herufi X na namba. Tarehe 28 Oktoba 2003, ulitokea mlipuko wa X17. Kwa saa zetu kilele chake kilikuwa saa nane na dakika kumi mchana, jua likiwa juu ya Afrika. Tarehe 6 Septemba 2017, saa tisa na dakika mbili alasiri, ulitokea wa X9, na mawasiliano ya masafa mafupi yakavurugika katika sehemu kubwa za Afrika na Ulaya. Rubani aliye juu ya Bahari ya Hindi na askari wa hifadhi mwenye simu ya upepo porini ndio wanaoyahitaji masafa hayo. Redio za FM na simu za mkononi hazitegemei tabaka lile, na kwa hiyo yule mama wa vitenge hana sababu ya kuzima yake, mchana wala usiku.

Mjumbe wa pili, lile wingu, naye ana kazi zake. Likigonga sumaku ya dunia huamsha umeme katika nyaya ndefu. Tarehe 30 Oktoba 2003 umeme ulikatika kwa muda katika mji wa Malmö, Sweden. Sisi tulio karibu na ikweta hatari hiyo kwetu ni ndogo, lakini tuna yetu: tabaka la juu la hewa huvurugika hasa baada ya magharibi, na vipimo vya mahali vitokavyo kwenye setilaiti, wanavyovitegemea wapima ardhi na mabaharia, huweza kuyumba.

Nitoe mfano mmoja tulioishi nao sote. Usiku wa Mei 10 na 11, mwaka 2024, dunia ilipigwa na dhoruba ya jua iliyo kubwa kuliko zote kwa miaka 20. Jumapili ya Mei 12, intaneti ikadhoofika nchini Tanzania na kwa majirani zetu. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesikia habari hizo mbili kwa siku mbili angelaumiwa kweli kwa kusema jua ndilo lililotukatia? Mambo mawili yalifuatana, na akili ya binadamu hupenda kuyafunga pamoja. Lakini ilielezwa kwamba nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya zile ni za kioo, na habari ndani yake husafiri kwa mwanga. Kioo kilichokatika hakina uhusiano na jua. Angalia basi ugumu wake: tarehe 10 dhoruba ilikuwa ya kweli, tarehe 12 kukatika kulikuwa kwa kweli, na kuviunganisha kungekuwa si kweli. Mtu asiye na kipimo chake mwenyewe hubaki kumwamini anayepiga kelele zaidi.

Kipimo hicho si ghali. Kama yuko mwalimu wa sayansi anayenisikiliza, maduka ya viatu ya Kariakoo yana maboksi matupu kila jioni. Upande mmoja wa boksi chana mwanya mwembamba kwa wembe. Upande wa pili, ndani, bandika kipande cha sidii kikiwa kimeinama, kisha toboa tundu la kuchungulia juu yake. Waambie wanafunzi waelekeze mwanya kwenye taa ya darasani, ya dukani, ya barabarani, na kwenye moto wa gesi ulionyunyiziwa chumvi, kisha wachore walichokiona. Ila waonye mapema: wasilielekeze boksi hilo kwenye jua hata kwa nukta moja, maana jua hupofusha macho.

Mwanafunzi atakayeuona mstari wa njano wa chumvi kwa macho yake mwenyewe ataelewa kwa nini Lockyer alisema ule wake si wa chumvi. Na nchi iliyo na heliamu chini ya udongo wa Rukwa inahitaji vijana watakaoipima gesi hiyo na kuisoma wenyewe, badala ya kungojea kuelezwa na wengine walichonacho.

Kwa leo nakomea hapo. Hadi juma lijalo, nawatakieni kazi njema.